Gari Dogo la Safari Nyingi: Yanayolifikisha Kilomita 400,000

Anayetafuta gari dogo la kutembea nalo kilomita 40,000 kwa mwaka, kwa miaka 10 mfululizo, kwa kawaida huanza kwa kuuliza ni kampuni gani inayotengeneza magari imara. Swali hilo lina mantiki yake, lakini jibu lake halimfikishi mbali, kwa sababu kampuni ile ile huweza kuuza injini iliyodumu kupita matarajio ya kila mtu na injini nyingine iliyowatia wenye magari hasara kubwa, na mara nyingine huziuza zote mbili katika gari lenye jina moja. Toyota, ambayo wengi huitaja kabla ya nyingine zote, iliwahi kuuza Corolla zenye injini ya 1ZZ-FE ambayo matoleo yake ya mwanzo yalijulikana kwa kula oili, kwa kuwa matundu ya kurudishia oili kwenye pistoni yalikuwa madogo na yaliziba kwa masizi. Honda nayo ilirefusha dhamana ya injini za baadhi ya Civic za mwaka 2006 hadi 2009 baada ya bloku kupasuka na kuvujisha maji ya kupoozea. Mnunuzi hununua injini fulani, iliyounganishwa na giaboksi fulani, katika mwaka fulani wa kutengenezwa. Jina la kampuni linafuata baada ya hayo.

Kila gari linalotembea sana huchakaa, na uchakavu wenyewe haupaswi kumtisha mtu. Pedi za breki, matairi, plagi, bushi, shokapu, beringi za magurudumu, betri ya volti 12, pampu ya maji, alteneta na stata vyote vilitengenezwa ikijulikana kwamba vitabadilishwa, na gari linaweza kubadilishiwa vyote mara tatu au nne likaendelea na safari. Kundi la pili ni dogo zaidi: injini, giaboksi, bodi inayobeba kila kitu na, kwa magari ya umeme na ya haibridi (yanayochanganya injini na mota ya umeme), betri kubwa. Kimojawapo kikifa, gharama ya kukirudisha inaweza kulingana na thamani ya gari zima au kuipita, na hapo ndipo safari ya magari mengi inapoishia. Kwa hiyo kazi ya mnunuzi ni kutafuta gari ambalo vipuri vya kundi la kwanza vinapatikana bila taabu, na ambalo kundi la pili halina udhaifu wa kuzaliwa nao. Mengine yote, kuanzia umbo la taa hadi ukubwa wa skrini, yanaweza kusubiri.

Kilomita hazilingani

Kabla ya kulinganisha injini, inafaa mtu ajiulize gari lake litafanya kazi ya namna gani. Gari lililotembea kilomita 100,000 kwenye barabara kuu kwa wastani wa kilomita 80 kwa saa, injini yake imefanya kazi kwa saa 1,250. Gari lililotembea umbali huo huo katika foleni za mjini kwa wastani wa kilomita 20 kwa saa limefanya kazi kwa saa 5,000, yaani mara nne zaidi, huku kipima kilomita kikionyesha tarakimu zile zile. Tena la mjini limewashwa likiwa la baridi mara nyingi zaidi, na injini ya baridi ndiyo inayochakaa haraka: sehemu ya petroli hupenya kwenye ringi za pistoni na kuingia kwenye oili, mvuke hugeuka maji ndani ya injini, na safari fupi huisha kabla oili haijapata joto la kutosha kuyakausha maji hayo. Ongeza breki zinazokanyagwa kila baada ya mita chache, klachi isiyopumzika na feni inayojitahidi kupooza rejeta bila msaada wa upepo.

Ndiyo maana gari la miaka 4 lenye kilomita 160,000 za barabara kuu, lililohudumiwa kwa wakati, mara nyingi ni chaguo bora kuliko la miaka 12 lenye kilomita 90,000 za mjini. Soko kwa kawaida hufikiri kinyume, na hilo ni faida kwa anayejua kuuliza.

Injini

Kwa matumizi marefu, injini ninayoipendelea ni ya petroli, isiyo na turbo (feni inayosukuma hewa ya ziada ndani ya injini), yenye ujazo wa lita 1.3 hadi 1.6, inayopuliza mafuta kwenye njia ya hewa kabla ya vali, na yenye cheni ya taimingi (inayozifanya vali zifunguke kwa kufuatana na pistoni) au mkanda wa kawaida wa kazi hiyo hiyo, ulio nje ya oili. Maelezo hayo yanasikika ya kizamani, lakini kila kipengele kina sababu yake.

Tuanze na turbo. Watengenezaji walihamia kwenye injini ndogo zenye turbo kwa sababu hupata matokeo mazuri katika vipimo rasmi vya mafuta na hewa ukaa, ambapo gari huendeshwa polepole na turbo haifanyi kazi kubwa. Barabarani, dereva anapoidai injini ya lita 1.0 nguvu za injini ya lita 1.6, shinikizo na joto ndani ya silinda hupanda sana. Turbo yenyewe huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika ikitegemea utando mwembamba wa oili, na injini ikizimwa ghafla baada ya kupanda mlima mrefu, oili iliyobaki kwenye turbo huungua na kuacha masizi magumu. Lipo pia tatizo la mchanganyiko wa mafuta na hewa kujiwasha kabla ya cheche ya plagi injini inapobebeshwa mzigo mkubwa ikiwa kwenye mizunguko ya chini, jambo linaloweza kuvunja pistoni. Kiwango cha oili cha API SP, kilichoanza kutumika mwaka 2020, kina majaribio mahususi ya kupunguza hatari hiyo pamoja na uchakavu wa cheni. Injini ya turbo inaweza kudumu, lakini haimsamehi anayechelewesha oili, na gari la kilomita 40,000 kwa mwaka siku moja litacheleweshewa oili, hata mwenyewe awe mwangalifu kiasi gani.

Upuliziaji wa mafuta moja kwa moja ndani ya silinda una shida ya namna nyingine. Katika mfumo wa zamani, petroli hupulizwa nyuma ya vali za kuingizia hewa na kuziosha kila mara. Katika mfumo wa moja kwa moja, vali hizo haziguswi na petroli hata tone, na mvuke wa oili unaorudishwa kutoka ndani ya injini hujenga juu yake ukoko mweusi unaozuia hewa, injini ikaanza kutetemeka ikiwa imesimama na kupoteza nguvu. Baadhi ya watengenezaji wamejibu kwa kuweka aina zote mbili za nozeli katika injini moja, kama Toyota ilivyofanya katika mfumo wake wa D-4S. Sitaki kuufanya utaratibu huu uwe sheria isiyopindika, kwa kuwa injini za Mazda za Skyactiv-G hupuliza mafuta moja kwa moja, hazina turbo katika magari madogo, na zimejijengea sifa nzuri ya kudumu. Ila pale ambapo magari mawili yanalingana kwa mengine yote, lenye nozeli kwenye njia ya hewa lina jambo moja pungufu la kuharibika.

Kuhusu taimingi, imani kwamba cheni haihitaji kuangaliwa maisha yote imeziua injini nyingi. Cheni hutegemea oili safi. Oili ikichakaa, viungo vya cheni hulegea, na kikaza cheni kinachosukumwa na shinikizo la oili hushindwa kuishika sawasawa, hata ikaanza kupiga kelele asubuhi na mwishowe ikaruka meno. Mkanda wa kawaida, kwa upande wake, una muda wake ulioandikwa kitabuni, mara nyingi karibu na kilomita 100,000 au miaka kadhaa, lolote litakalotangulia. Ukikatika kwenye injini ambayo pistoni na vali hutumia nafasi moja kwa zamu, vali hupindwa papo hapo. Lakini mkanda unaobadilishwa kwa wakati, pamoja na pampu ya maji na roli zake, si udhaifu. Ni gharama inayojulikana mapema.

Aina ya tatu ndiyo ya kuogopa zaidi, nayo ni mkanda unaofanya kazi ndani ya oili. Ford iliutumia katika injini ya lita 1.0 ya EcoBoost, na kundi la Peugeot na Citroën likautumia katika injini ya lita 1.2 ya PureTech. Lengo lilikuwa kupunguza msuguano na kelele. Katika magari mengi, hata hivyo, mkanda ulianza kumomonyoka kabla ya wakati, hasa pale oili ilipochanganyika na petroli ya safari fupi au ilipokuwa si ya aina iliyoagizwa. Chembe za mpira hushuka kwenye sampu na kuziba chujio la pampu ya oili, shinikizo huporomoka, na injini hufa hata kabla mkanda haujakatika. Kampuni zote mbili baadaye ziliweka cheni katika matoleo mapya ya injini hizo, na hatua hiyo inaeleza mengi kuliko tangazo lolote.

Udogo wa injini nao una kikomo. Magari ya kei ya Japani, ambayo tangu mwaka 1990 yamewekewa ukomo wa ujazo wa sentimita za ujazo 660, yametengenezwa kwa umahiri mkubwa kwa kazi za mjini. Kuyakimbiza kwenye barabara kuu kwa saa nne au tano kila siku ni kuyatumia nje ya kazi yake: injini huzunguka kwa kasi kubwa muda wote, nyingi huhitaji turbo ili kumudu mwendo, na dereva hufika amechoka kwa kelele. Lita 1.3 hadi 1.5 katika gari lenye uzito wa takriban kilo 1,000 ndipo mahali ambapo injini hufanya kazi bila kuhema.

Mifano ya injini zilizothibitika ipo mingi. Ya 1NZ-FE ya lita 1.5, iliyofungwa katika Vitz, Probox na ndugu zao wengi, ina cheni, nozeli kwenye njia ya hewa, na vipuri vinavyopatikana karibu kila mahali gari hizo zilipofika. Injini za Suzuki za familia ya K zina falsafa hiyo hiyo, na za Honda za familia ya L katika Fit za vizazi viwili vya mwanzo pia. Anayenunua ajifunze kusoma namba ya injini kwenye kibati kilicho ndani ya boneti, kwa kuwa herufi moja hubadilisha gari. Katika mtindo wa Toyota, herufi za mwisho za 1AZ-FE zinaonyesha kamshafti mbili zilizopangwa kwa ajili ya uchumi wa mafuta na upuliziaji wa kielektroniki wa kawaida. 1AZ-FSE ni injini ya familia hiyo hiyo, lakini ile S iliyoongezwa inamaanisha mafuta hupulizwa ndani ya silinda, na mwenye nayo anakabiliwa na matengenezo tofauti kabisa.

Giaboksi

Hapa ndipo magari madogo mengi ya kisasa yanapoangukia, na ndipo wanunuzi wengi wasipoangalia.

Giaboksi ya manyueli bado ndiyo rahisi kuliko zote kutunza na kutengeneza. Klachi yake huisha, lakini klachi ni ya kundi la kwanza, la vitu vinavyobadilishwa. Inayofuata kwa uimara ni otomatiki ya kawaida yenye gia halisi, hasa ile ya gia 4 au 6 iliyotumika miaka mingi, mradi oili yake ibadilishwe. Maneno kwamba oili ya giaboksi ni ya maisha yote yaaminiwe tu na anayekusudia kuuza gari mapema. Kwa matumizi mazito, kuibadilisha kila kilomita 60,000 hivi ni tahadhari ya busara.

CVT, otomatiki isiyo na gia za hatua kwa hatua, hufanya kazi kwa mkanda wa chuma unaobanwa kati ya puli mbili zinazopanuka na kusinyaa. Huokoa mafuta na hutembea kwa ulaini, lakini uhai wake wote umo katika mbano huo: oili ikichoka au joto likizidi, mkanda huteleza, hukwaruza uso wa puli, na vumbi la chuma husambaa ndani ya giaboksi nzima. Nissan ilirefusha dhamana ya CVT zake nchini Marekani kwa magari ya mwaka 2003 hadi 2010 kutokana na malalamiko, na sifa hiyo imewafuata hadi leo. Toyota ilijibu udhaifu wa aina hii mwaka 2018 kwa kuongeza gia halisi ya kuondokea, ili mkanda usibebe mzigo ule mzito wa gari linapoanza kutembea. CVT ya gari jepesi lenye injini ndogo, iliyobadilishiwa oili sahihi kila kilomita 40,000 au 50,000, inaweza kufika mbali. Isiyo na historia ya oili hata moja, mimi ningeiacha.

Giaboksi ya klachi mbili kavu, otomatiki inayobadili gia kwa kupokezana klachi mbili, ndiyo ninayomshauri mtu wa safari nyingi aiepuke, hasa akipita kwenye foleni. Kompyuta huziachia na kuzibana klachi hizo kila gari linaposogea hatua moja, na kwa kuwa hazioshwi na oili, joto halina pa kwenda. PowerShift ya Ford, iliyowekwa katika Fiesta na Focus, ilileta mitetemo na kusita kiasi cha kuipeleka kampuni mahakamani katika nchi zaidi ya moja. Mwaka 2018 mahakama ya shirikisho ya Australia iliitoza Ford ya huko faini ya dola za Australia milioni 10 kwa jinsi ilivyowashughulikia wateja waliolalamika. Volkswagen nayo iliyaita magari mengi kurudi karakana kwa ajili ya giaboksi yake ya gia 7 ya klachi kavu.

Haibridi, dizeli na umeme

Watu wengi huogopa haibridi kwa hoja kwamba yenye mitambo miwili ina mara mbili ya vitu vya kuharibika. Hoja hiyo haisimami mbele ya mfumo wa Toyota, ulioingia sokoni Japani na Prius mwezi Desemba 1997. Ingawa huitwa e-CVT, giaboksi yake haina mkanda wala puli: ni seti moja ya gia zinazozungukana, ikiunganishwa na mota mbili za umeme. Hakuna klachi ya kuisha, hakuna stata, hakuna alteneta ya kawaida, na breki hudumu muda mrefu kwa sababu mota hupunguza mwendo huku zikichaji betri. Kwa gari linalopita mjini kila siku, sioni mpangilio mwingine wa petroli unaoshinda huu, na madereva wa teksi katika miji mingi duniani walilifahamu hilo mapema.

Una masharti yake, hata hivyo. Betri kubwa hupoozwa na hewa inayoingia kupitia tundu lililo karibu na kiti cha nyuma. Vumbi na nyuzi za vitambaa zikiziba chujio la tundu hilo, betri huchemka na seli hufa kabla ya wakati. Kusafisha chujio ni kazi ya dakika chache, lakini wengi hawajui kuwa lipo. Prius ya kizazi cha tatu ilijulikana pia kwa mfumo wa kurudisha moshi kwenye injini kuziba, hali inayohusishwa na kuungua kwa gasketi ya silinda hedi. Anayenunua aulize kama mfumo huo umewahi kusafishwa.

Dizeli ndogo za kisasa zinafaa kwa mtu mmoja tu: anayeendesha barabara kuu kwa mwendo mrefu karibu kila siku. Filta yao ya masizi hujisafisha kwa joto la safari ndefu, na safari fupi huiziba.

Gari la umeme limeondoa giaboksi tata, oili ya injini na taimingi kwa mkupuo mmoja, na kwa mwenye pa kuchajia nyumbani linaweza kuwa jibu zuri. Swali lote huhamia kwenye betri. Nissan Leaf, iliyoanza kuuzwa mwezi Desemba 2010, haikuwekewa mfumo wa kupooza betri kwa maji, na katika maeneo ya joto kali betri zake za mwanzo zilipoteza uwezo haraka. Betri yenye upoozaji wa maji, na hasa ya aina ya chuma na fosfati inayovumilia kuchajiwa mara nyingi zaidi, ndiyo ya kutafuta. La kununuliwa kuukuu lipimwe uwezo wa betri uliobaki kabla ya fedha kutoka mfukoni.

Takwimu za kuaminika hupima nini

Zipo taasisi zinazochapisha orodha za magari imara kila mwaka, na ni vizuri kuzisoma, mradi msomaji ajue kila moja imepima nini. Ripoti ya TÜV ya Ujerumani hukusanya kasoro zinazoonekana katika ukaguzi wa lazima: taa, breki, kutu, mfumo wa magurudumu. Haifungui injini wala kuipima giaboksi, na hulihukumu gari pamoja na mwenye gari, kwa kuwa gari la bei ya chini mara nyingi liko mikononi mwa mtu anayeahirisha matengenezo hadi siku ya ukaguzi. Takwimu za ADAC, chama cha wenye magari cha nchi hiyo hiyo, huhesabu magari yaliyokwama barabarani, na sababu inayoongoza mwaka baada ya mwaka ni betri ya volti 12, kitu kinachobadilishwa kwa dakika 10. Consumer Reports ya Marekani huwauliza wenye magari wenyewe, lakini skrini inayoganda nayo huhesabiwa kama tatizo, ingawa si sawa na giaboksi iliyokufa. Uchunguzi wa J.D. Power kuhusu uimara huangalia magari ya miaka 3, umri ambao mtu wa kilomita 400,000 hajafika hata theluthi ya safari.

Ushahidi ninaouthamini zaidi ni wa magari yanayofanya kazi ya kulipwa: teksi, magari ya kusambaza mizigo midogo, ya shule za udereva. Wenye magari hayo wanaweka hesabu, na wakiendelea kununua injini ile ile kwa miaka mingi, wana sababu. Fundi anayeona magari 20 ya aina moja kwa mwezi anajua kile kinachoharibika kwanza, na jibu lake la haraka kwa swali “hii huwa inasumbua wapi?” lina uzito kuliko kurasa nyingi za maoni. Akijibu kwa kutaja bushi na beringi, hiyo ni habari njema.

Inafaa pia kuepuka mwaka wa kwanza wa toleo jipya. Kasoro za kiwandani hugunduliwa na wanunuzi wa mwanzo na kurekebishwa taratibu, hivyo gari la miaka ya mwisho ya kizazi chake kwa kawaida limekwisha kupona magonjwa ya utotoni. Na matairi yasisahaulike. Gari lenye tairi za 185/60 R15 na jingine la aina hiyo hiyo lenye 205/45 R17 hutofautiana sana kwa gharama ndani ya kilomita 400,000, maana tairi pana na fupi ni ghali zaidi, hupasuka kirahisi kwenye mashimo, na hupeleka mishtuko yote kwenye bushi na rimu. Mafuta nayo yana hesabu yake: tofauti ya lita 2 kwa kila kilomita 100 ni lita 8,000 katika umbali huo.

Gari lenyewe mbele yako

Aina ikishachaguliwa, kazi iliyobaki ni kulikagua gari moja, na ukaguzi unaofaa huanza injini ikiwa ya baridi kabisa. Muuzaji aliyeiwasha kabla mnunuzi hajafika ameficha sehemu kubwa ya ushahidi, hata kama hakukusudia.

Fungua kifuniko cha kuongezea oili na utazame ndani kwa tochi. Chuma chenye rangi ya dhahabu iliyofifia kinaonyesha oili iliyobadilishwa kwa wakati. Tope jeusi linalong'ang'ania linaonyesha miaka ya kupuuzwa. Utando mweupe kama maziwa unaweza kuwa unyevu wa safari fupi tu, au maji ya rejeta yanayopenya kwenye oili, hivyo rejeta nayo itazamwe kama ina mafuta yanayoelea. Kisha washa injini ukiwa umesimama karibu na boneti. Mlio wa cheni unaodumu zaidi ya sekunde moja au mbili ni onyo. Moshi wa bluu unaotoka mara moja tu injini inapowaka huashiria sili za vali, lakini ukirudi kila mafuta yanapokanyagwa, ringi zimechoka. Moshi mweupe mzito usiokoma hata injini ikipata moto, hasa ukiwa na harufu tamu, unaelekeza kwenye gasketi.

Kilomita zinazoonyeshwa zilinganishwe na vitu vilivyoguswa na mwili wa dereva. Mpira wa pedali uliolika hadi chuma, usukani uliong'aa na ubavu wa kiti uliolegea haviendani na kilomita 60,000. Kwenye ubavu wa tairi kuna tarakimu nne za tarehe: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Gari la mwaka 2019 lenye kilomita 40,000 lingetarajiwa kuwa bado na tairi zake za kiwandani, na kama zote nne zimeandikwa mwaka 2022, mnunuzi ana haki ya kuuliza za kwanza ziliisha vipi.

Mwisho liinuliwe. Chini ya gari ndiko kunakoonekana kutu kwenye vibebeo vya ekseli ya nyuma, kwenye sehemu za kupigia jeki na kwenye mabomba ya breki. Kutu ya juu juu kwenye bomba la moshi haina neno. Kutu inayomeguka kwa bisibisi kwenye sehemu zinazobeba uzito ndiyo sababu ya kuondoka bila kujadili bei.

Kulitunza

Mmarekani Irv Gordon alinunua Volvo P1800 mpya mwaka 1966, na mwaka 2013 alifikisha nayo maili milioni 3, yaani karibu kilomita milioni 4.8. Injini iliwahi kufunguliwa na kutengenezwa upya, na vitu vingine vingi vilibadilishwa mara kwa mara, lakini mwenyewe alisisitiza kwamba alikifuata kitabu cha gari na kubadilisha oili mapema. Mashine yake ilikuwa ya kawaida sana kwa enzi zake, na ilitengenezeka.

Kitabu cha gari huwa na ratiba mbili: ya matumizi ya kawaida na ya matumizi magumu. Joto kali, vumbi, foleni, mizigo na safari fupi vyote vimo katika ya pili, na anayesoma kwa uaminifu atagundua kwamba yeye ni wa huko. Pale ratiba ya kawaida inaposema oili ibadilishwe kila kilomita 10,000 au 15,000, ya pili huweza kusema nusu yake. Kati ya huduma na huduma, kijiti cha oili kitazamwe angalau kila mara mbili tangi linapojazwa, kwa kuwa injini nyingi hazifi kwa oili chafu bali kwa oili iliyopungua bila mtu kujua. Baadhi ya watengenezaji huhesabu lita 1 kwa kilomita 1,000 kuwa bado ni matumizi yanayokubalika, na kwa kasi hiyo injini yenye oili lita 3.5 haiwezi kufika huduma inayofuata. Maji ya rejeta yawe ya kulanti sahihi, si ya bombani, maana silinda hedi ya alumini hupindika gari likichemka hata mara moja. Magari madogo mengi hayana tena kipimo cha joto, yana taa ya bluu na nyekundu tu, na ile nyekundu ikiwaka hakuna “nitasogea kidogo hadi kwenye kituo”. Gari lisimame hapo hapo.

Gari lililonunuliwa kuukuu libadilishiwe vimiminika vyote katika wiki ya kwanza, yaani oili ya injini, oili ya giaboksi, kulanti na mafuta ya breki, pamoja na filta zake, na kilomita za siku hiyo ziandikwe kwenye daftari litakalokaa ndani ya gari. Daftari hilo ndilo litakalotoa uamuzi miaka mingi baadaye, bili zitakapoanza kuongezeka. Kama kurasa za mwaka mzima zimejaa shokapu, beringi na alteneta, gari bado linaishi maisha yake ya kawaida na linastahili kutengenezwa. Giaboksi ikifa katika gari lenye bodi safi na injini isiyokula oili, kuweka nyingine iliyotumika vizuri bado kunaweza kulipa. Lakini kutu ikishaingia kwenye sehemu zinazobeba ekseli, bodi hiyo haitamlinda mtu siku ya ajali, na gari hilo liuzwe kama vipuri, hata injini yake ikiwa bado inawaka kwa mguso mmoja.